Dole Kwenye Puti

Kabla hujaanza kujifanya jasiri hapo ulipokaa, nikuambie kwamba jasiri ni mimi, na hata mimi siku hizi nalala taa ikiwaka. Aliyepatwa si rafiki wa rafiki. Ni kaka yangu wa tumbo moja. Ukitaka kubisha, kabishane na ukuta.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote ya kazi. Kaka alikuwa fundi vioo na mimi msaidizi wake, ingawa ukiniuliza mimi, fundi nilikuwa mimi, yeye alikuwa anashika almasi ya kukatia vioo tu. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tusigombane kwa hilo. Karakana yetu ilikuwa chumba kirefu chini ya nyumba tuliyopanga. Meza imetandikwa blanketi kuukuu, vioo vimeegemezwa ukutani kama mikate, na harufu ya puti, ule udongo mweupe wa chokaa na mafuta ya kitani tunaoshikizia kioo kwenye fremu. Harufu hiyo haitoki mikononi hata usugue na jiwe. Juu tuliishi watatu: kaka, mkewe na mimi. Shemeji aliniita Spika. Alidai naongea hata nikiwa usingizini. Hakunipenda, na mimi sikumbembeleza.

Mji wenyewe uko kaskazini, kule ambako majira ya baridi jua huja kama mgeni aliyepita kusalimia tu: halikai, halivui koti, linaaga. Sisi tulitoka kusini, kwenye joto letu, tukaifuata kazi. Baridi hupasua vioo, na watu wa huko hawawezi kulala hata usiku mmoja dirisha likiwa wazi. Hawakutupenda. Walitulipa, wakafunga mlango, na ufunguo ukasikika ukizunguka kabla hatujafika hatua ya mwisho ya ngazi.

Kuna kitu tulikiona mapema tukakicheka. Hakuna nyumba iliyokuwa na dirisha upande wa kaskazini mashariki. Ukuta mtupu, kwa tajiri na kwa maskini. Hata jikoni kwetu, nyuma ya kabati la vyombo, kulikuwa na fremu ya zamani iliyopigiliwa mbao.

"Wanaogopa upepo," kaka alisema. "Upande ule jua halifiki na mwezi haufiki. Dirisha la nini?"

Lilikuwa kosa la watu wa kusini. Kwetu mwezi hauna makuu. Unachomoza mashariki, leo kidogo huku, kesho kidogo kule, basi. Kaskazini mwezi ni mzururaji. Ukiwa mchanga unajitokeza kusini, chini chini, unaburuzika juu ya mapaa na kuzama. Kadiri unavyonenepa ndivyo unavyohamisha mlango wake wa kutokea, kutoka kilima hiki hadi kile, mpaka ule mwezi mpevu wa katikati ya baridi unaibukia kaskazini mashariki kabisa, mahali ambapo jua la majira hayo halithubutu hata kuchungulia. Sisi hatukujua. Wewe ulijua? Nani anakaa kuangalia mwezi unatokea wapi?

Bibi mmoja mzee alikuja siku ambazo mwezi haukuwepo angani kabisa. Alisimama mlangoni, theluji mabegani, hakuikung'uta.

"Fundi nani?"

"Mimi," nikasema.

Akanitazama kama sahani ambayo haijaoshwa vizuri. "Nimeuliza fundi."

Kaka alicheka mpaka akaweka almasi chini. Bibi hakucheka. Alitaka kioo kimoja, akataja vipimo kwa kichwa, akaondoka. Mchana huo huo tukakibeba.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho barabarani, mbele ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Tundu la dirisha, upande ule ule wa kaskazini mashariki, lilikuwa limezibwa kwa matofali miaka mingi, na matofali hayo sasa yalikuwa yametapakaa kwenye theluji. Aliyavunja mwenyewe. Niliona viganja vyake: malengelenge, mengine yamepasuka. Ndani, meza moja, vikombe viwili, na chini ya tundu la dirisha, ndara za kiume. Hazikuvuliwa ovyo. Zimepangwa. Visigino vimegusa ukuta, vidole vimeelekea chumbani, kama za mtu atakayeingia kupitia dirishani na kuzikanyaga moja kwa moja.

"Mzee yupo?" kaka aliuliza, kwa adabu tu.

"Katoka."

"Atarudi leo?"

"Itategemea wewe."

Nikamkonyeza kaka kwamba bibi ana wazimu kidogo. Tukaingiza kioo, kaka akapiga puti. Na hapa nikueleze tabia yake. Kila fundi ana maringo yake. Ya kaka yalikuwa dole gumba. Akimaliza, alilibonyeza kwenye puti laini, kona ya chini ya kulia, upande wa ndani, likabaki hapo milele. Dole lake la kulia lina kovu la kioo lililokatiza katikati, alilipata akiwa mwanafunzi, kwa hiyo alama yake haifanani na ya mtu yeyote. Pita miji yote tuliyofanya kazi, chungulia kwenye kona za madirisha, utamkuta.

Akabonyeza. Bibi akasogea karibu mno.

"Ni lako hili?"

"Langu. Hakuna mwingine mwenye hilo."

"Unaniachia kwa hiari?"

Kaka akatabasamu. "Nakuachia, bibi. Hilo ni la bure."

Bibi akaifunika alama kwa kiganja chake kilichochubuka, kama mtu anayefunika kifaranga. Hakukiondoa mpaka tulipotoka.

Njiani tulimkuta jirani yake, mwashi mmoja mnene, amesimama na toroli lake katikati ya njia.

"Nani kawaambia mtoboe ule ukuta?"

"Hatujatoboa," nikamjibu. "Tumeweka kioo tu."

"Afadhali mngetoboa," akasema. Akatema mate kwenye theluji, baina yetu na uzio wake, akasubiri mpaka tulipopita upande wa pili.

Siku chache baadaye mwezi uliandama. Kwetu mwezi mchanga hulala chali kama bakuli. Ule ulisimama wima juu ya paa la kiwanda cha mbao, mwembamba, mweupe, kama ukucha uliokatwa.

Asubuhi iliyofuata kaka alikuwa anasafisha kioo cha duka. Adui wa fundi vioo ni vidole. Unafuta, unashika, unaacha alama, unafuta tena, unatukana. Yeye alishika kioo kwa mkono mtupu, akakiinua kwenye mwanga. Vidole vinne vilikuwa vimeacha alama. Dole halikuacha.

"Umeoga leo, nini?" nikamtania.

Akalipaka mafuta ya puti, akalibandika kwenye kioo kwa nguvu mpaka ukucha ukawa mweupe. Akaliondoa.

Kioo kilikuwa safi.

Nilicheka, ndiyo. Wewe ungelia? Nikamwambia sasa anaweza kuwa mwizi, polisi hawatampata. Lakini mwezi ulizidi kunenepa, na utani wangu ukazidi kukonda. Kwanza mkono mzima wa kulia. Kisha pumzi. Sisi tunapuliza kioo kikajaa ukungu ndipo tukifute. Hivyo ndivyo unavyoona uchafu uliojificha. Kaka alipuliza. Kioo kikabaki kikavu. Nikapuliza mimi, palepale, pembeni ya mdomo wake. Ukungu ukajaa.

"Una homa," nikasema.

"Sina homa. Sina kitu," akasema.

Mwezi ulipofika nusu, ulikuwa unaonekana tangu mchana, umening'inia juu ya mapaa, upande wa kulia umejaa na wa kushoto haupo. Tulikuwa tumebeba kioo kikubwa, yeye mbele mimi nyuma, theluji mpya haijakanyagwa na mtu. Nilikuwa natazama chini nisiteleze. Nikaona unyayo wake wa kushoto. Nikatafuta wa kulia.

Wa kushoto tena.

Wa kushoto.

Alikuwa anatembea kwa miguu yote miwili, viatu vizito, nikivisikia vyote viwili. Theluji ilipokea kimoja.

Sikumwambia. Jikoni, shemeji alinivuta kwenye kona ya jiko, akanong'ona bila kunitazama, kama kawaida yake.

"Kitanda upande wake hakibonyei."

"Kakonda tu."

"Spika, nyamaza unisikilize. Analala, naona analala. Godoro limenyooka. Mlikuwa wapi? Mlifanya nini?"

Nikamweleza bibi, kioo, dole. Nikamweleza na ndara, kwa sababu mimi nikianza siwezi kuacha.

"Zilielekea wapi?"

"Ndani."

Aligeuza uso, akaendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Tulikwenda kwa mwashi, mimi na shemeji. Hakufungua. Aliongea kwenye upenyo wa mlango, nikaliona jicho moja tu na kipande cha ndevu.

"Mume wake alipotelea kwenye dirisha lile," akasema. "Mimi ndiye niliyeliziba. Anamtaka arudi, na harudi mtu bure."

"Tufanye nini?" shemeji akauliza.

"Ondoeni alama ya mumeo kabla mwezi mzima haujachomoza mbele ya kioo. Mwezi ukiikuta alama, mwenye alama ni wake."

"Wake kivipi?"

Upenyo ukafungwa. Tukasikia kitasa, kisha kitu kizito kikiburutwa kuwekwa nyuma ya mlango.

Ungedhani kaka alikimbia siku hiyohiyo. Humjui. Alinitazama, puti hadi kwenye nyusi, akasema fundi hang'oi kazi yake kwa maneno ya mwashi mlevi. Kila jioni, ambayo kule huanza saa za mchana, mimi nilitoka kuangalia mwezi unapotokea. Juzi juu ya kanisa bovu. Jana juu ya tangi la maji. Leo karibu na machimbo. Unanenepa, unasogea. Na kila jioni kaka alikula kidogo zaidi, akaongea kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili.

Asubuhi ya mwezi mpevu nilimkuta amesimama mbele ya kioo kipya cha saluni, wembe mkononi, povu usoni. Ndani ya kioo kulikuwa na meza, blanketi, mlango, na mimi mlangoni.

Nilijiona mwenyewe tu.

"Chukua kisu cha puti," kaka akasema. "Twende."

Akataka shemeji abaki nyumbani. Shemeji alimfunga skafu shingoni, akaizungusha mara nyingi kama anayemfunga asimwagike, akamfunga koti mpaka kifungo cha mwisho. Kisha akanigeukia mimi. "Usirudi peke yako," akasema.

Jua lilikuwa limeshaaga tulipofika. Theluji ilikuwa ya bluu. Nyuma yetu kulikuwa na nyayo za mtu mmoja.

Mlango haukufungwa. Bibi alikuwa mezani, vikombe viwili mbele yake, vyote vinatoa mvuke.

"Futeni miguu," akasema. Kisha akamtazama kaka. "Wewe acha. Huna haja."

Sikumjibu. Mimi, ninayejibu hata matangazo ya redio. Nilipiga magoti chini ya dirisha, kando ya zile ndara, nikachomeka kisu kwenye kona. Puti huchukua wiki nyingi kukauka. Ile ilikuwa ngumu kama mfupa. Kisu kikapinda. Nikakinyoosha kwa meno, nikachomeka tena.

"Haraka," kaka akanong'ona nyuma yangu.

"Nafanya."

"Nasikia baridi upande wa kushoto."

"Nafanya, kaka."

Nje, ukingo wa machimbo ulianza kuwa mweupe. Weupe si wa theluji. Wa kitu kinachokuja kutoka chini. Nilichimba. Ukucha mmoja ukang'oka, sikuusikia. Mstari wa mwanga ukatua juu ya kioo, ukaanza kushuka. Kona ya juu. Katikati. Nikachimba. Tonge la puti likasogea kama jino. Mwanga ukagusa mkono wangu. Ulikuwa na uzito.

Tonge likatoka, lote, na dole la kaka likiwa zima katikati yake. Lilikuwa la moto. Nikalifumbata.

"Nimelitoa," nikasema. "Kaka. Nimelitoa."

Nikageuka. Koti lilikuwa limesimama katikati ya chumba, vifungo vyote vimefungwa, skafu imezungushwa. Juu ya skafu hapakuwa na kitu. Lilisimama hivyo kwa muda wa kumeza mate. Kisha likakaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka. Viatu vikabaki pale pale, kamba zimefungwa.

"Alama umeitoa," bibi akasema. Sauti yake haikuwa hata na furaha. "Lakini mwezi ulikuwa umeshaiona."

Nikatazama nje. Chini ya kioo, kwenye theluji ambayo hakuna mtu aliyeipita, nyayo zilianzia ukutani na kuelekea machimboni. Miguu yote miwili. Mitupu.

Nikatazama chini. Ndara hazikuwepo.

Na chumba cha pili, katika nyumba ya bibi aliyeishi peke yake, mzee akakohoa.

Nilikimbia. Siandiki "niliondoka." Nilikimbia, na wewe ungekimbia mbele yangu.

Askari walikwenda kesho yake. Wakamkuta bibi na mumewe wanakunywa chai, mzee mpole, macho yamelowa kama ya mtu aliyetazama theluji kwa muda mrefu. Hakujua ni mwaka gani. Alichoomba ni dirisha lizibwe, upesi, kabla ya mwezi mwingine. Mwashi aliliziba bila malipo, akapakia toroli lake kwenye lori na kuuhama mji. Kuhusu kaka, askari waliandika kwamba mgeni ameondoka. Kwao wageni huondoka.

Shemeji hakulia. Aliniangalia nikiwa mlangoni na lile koti mikononi, akaliona tonge kwenye ngumi yangu. Aliuliza jambo moja tu.

"Ndara zilikuwa zimeelekea ndani. Sivyo?"

"Ndiyo."

Akalichukua koti, akalitundika, akafungua kifungo cha juu. Toka siku hiyo hakunisemesha.

Mwezi ukaanza kupungua. Sasa ulichelewa kuzama. Asubuhi watu wakifungua maduka ulikuwa bado uko juu ya mapaa ya magharibi, umemong'onyolewa upande wa kulia, umesahaulika kama taa iliyoachwa inawaka. Na kaka akaanza kurudi.

Usinielewe vibaya. Sisemi tulimwona.

Kwanza ukungu. Niliingia karakana asubuhi nikakuta kioo cha mlangoni kina duara la ukungu wa pumzi kwa nje, kwenye kimo cha mdomo wake. Nikalifuta. Kesho likawepo. Kisha alama za vidole, za mkono wa kulia, dole lenye kovu likiwa katikati. Mwezi ulipobaki nusu, ukizama mchana kweupe, nilifungua mlango nikakuta unyayo kwenye theluji. Mtupu. Wa kulia tu. Wa kulia, wa kulia, wa kulia, kutoka barabarani hadi kizingitini. Pale ukasimama. Haukuingia, haukurudi.

Nikafagia. Kila siku nikafagia, nikiimba kwa sauti, majirani wanione siogopi. Lakini kila siku nyayo zilizunguka nyumba kidogo zaidi, zikigusa kila ukuta, mpaka zikafika upande ule mtupu, chini ya jikoni. Hapo zikakanyagana, nyingi, kama za mtu anayesubiri kitu kifunguliwe.

"Anatafuta pa kuingilia," shemeji akasema nyuma yangu. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mlango upo."

"Siyo mlangoni alikotokea. Ni dirishani."

Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sikuuzoea, "Spika, wewe ungefanya nini ili kaka yako arudi?"

Sasa unanijua. Mtu akiniuliza hivyo nitasema nini? "Lolote," nikasema. "Ningetoa huu mkono. Ningetoa roho. Unadhani mimi ni wa kuogopa?"

"Ungetoa kwa hiari?"

"Kwa hiari kabisa, shemeji. Wala nisingeulizwa mara mbili."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea vipimo, akaingia ndani.

Lile tonge la puti nilikuwa natembea nalo mfukoni. Sikuweza kulitupa, dole la kaka lilikuwa humo. Nilizoea kulifinya nikiwa nawaza, na joto la mkono likalilainisha tena, upande wa nyuma ukaanza kuchukua umbo la dole langu mimi. Juzi usiku nilipovua koti lilikuwemo. Asubuhi ya jana mfuko ulikuwa mtupu.

Sikutilia maanani. Mwezi haukuwepo tena angani, nyayo hazikuwepo, pumzi haikuwepo. Nikadhani yameisha. Nilipanda jikoni, nikamkuta shemeji ameandaa chai. Alinimiminia mimi kwanza. Akanikorogea sukari mwenyewe.

"Kunywa, shemeji yangu."

Tangu aolewe na kaka hajawahi kuniita hivyo. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikakipokea kikombe, nikaona chini ya kucha zake kuna weupe. Nikadhani unga. Kisha nikasikia harufu. Mafuta ya kitani.

Jikoni kulikuwa na mwanga usio wa kawaida. Nikageuza shingo.

Kabati la vyombo lilikuwa limesogezwa. Mbao zimeng'olewa, zimepangwa vizuri sakafuni. Kwenye fremu ya zamani kulikuwa na kioo kipya, kimekatwa kwa almasi ya kaka, na mkataji alikuwa na haraka lakini hakukosea. Ng'ambo yake, paa baada ya paa, na mbali kule ukingo wa machimbo.

Kona ya chini ya kulia, upande wa ndani, kulikuwa na tonge. Upande wenye kovu ulikuwa umesawazishwa kwa kisu, umefutika. Lililobaki juu ni dole jingine. Halina kovu. Nikaliweka langu hapo, sijui kwa nini. Likatosha kama mguu kwenye kiatu chake.

"Baridi itaingia," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Haitaingia baridi," akasema.

Nilichukua kisu. Puti ilikuwa imewekwa siku hiyo hiyo na ilikuwa ngumu kama mfupa. Shemeji hakunizuia. Alikuwa ameinama chini ya dirisha, anapanga ndara za kaka. Akagusisha visigino ukutani. Akazinyoosha. Zikaelekea ndani.

Leo mchana mwezi umeandama juu ya kiwanda cha mbao. Umesimama wima, kama ukucha. Usiniambie nipande basi. Mabasi yapo, nimeyaona yakipita, ila dole linabaki ukutani hata mimi nikifika mwisho wa dunia. Na zaidi ya hapo, yule ni kaka yangu.

Nimejaribu kufungua simu yangu kwa dole la kulia, kama ninavyofanya siku zote. Imekataa. Nikalifuta kwenye suruali, nikaliweka tena. Imekataa.

Haya yote nimeyaandika kwa vidole vilivyobaki. Shemeji yuko jikoni, ananiambia niache chai ipoe kidogo kwanza, nisije nikaungua. Nimepuliza kikombe. Mvuke haukusogea.